Filamu ya kamera kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia likizo ya Desemba au msimu wa harusi, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Yanatoka kwa vijana waliokuta kamera ya Pentax ya babu kabatini wakaifufua, kwa wapiga picha wa harusi wanaochanganya dijitali na filamu, na kwa ndugu walioko Muscat, Toronto au Birmingham wanaokuja kuwapiga picha wazee wao kwa kamera za zamani. Nimeona niyajibu mahali pamoja. Ninaposema filamu hapa nina maana ya ile ya roli inayoingia ndani ya kamera, siyo ya sinema ya kutazama.

Mashine ya mizigo inaifanya nini hasa filamu?

Inaipiga picha. Juu ya ule utepe wa plastiki kuna chembe ndogo mno za madini ya fedha zilizolazwa ndani ya jelatini. Mwanga ukizigusa zinabadilika, na badiliko hilo linasubiri kimya hadi dawa ya kusafishia, ile ya maabara inayoitokeza picha, ilitoe. Miale ya eksirei inazibadilisha chembe hizo kama mwanga unavyozibadilisha. Wilhelm Röntgen alipoigundua miale hiyo mwaka 1895, ushahidi wake ulikuwa picha ya mkono wa mke wake kwenye bamba la picha, mifupa na pete ya ndoa vikionekana. Tofauti ni kwamba pale uwanjani miale haichori umbo la maana kwenye roli yako. Inaacha ukungu.

Ukiisafisha roli yenye ukungu utaona mahali palipopaswa kuwa peusi tii pamekuwa kijivu, rangi zimechuja, na chenga zimejaa kwenye vivuli. Uso wa mtu mweusi aliyekaa barazani jioni ndio unaoumia kwanza, kwa sababu maelezo yake yote yako kwenye vivuli. Hili linanigusa sana, maana watu ninaowapiga picha ndio hao.

Jambo la pili la kujua: filamu haisahau. Ukungu wa mashine ya kwanza unabaki, wa mashine ya pili unaongezeka juu yake, na hali ni hiyo mpaka siku ya kusafishwa.

Niziweke kwenye begi kubwa linalokwenda chini ya ndege?

Usiziweke. Kama utasoma jibu moja tu katika ukurasa huu, soma hili.

Mizigo ya chini hukaguliwa kwa mashine kali kuliko ile ya begi la mkononi. Ya kwanza ya aina hiyo, CTX 5000, iliidhinishwa na mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, mwaka 1994, na tangu hapo mashine za namna hiyo zimeenea duniani. Begi lako likishaondoka kaunta huna habari nalo tena. Hujui limepita mashine ngapi, na huna wa kumwomba.

Nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa nimempiga bibi yangu roli nne kule Pangani, anakuna nazi kwenye mbuzi, anaanika udaga, amekaa mlangoni na leso yake ya zamani. Nilikuwa nakwenda Ulaya, nikapanga kuzisafisha huko. Kaunta wakapima begi la mkononi, wakasema limezidi kilo, nipunguze. Watu nyuma yangu wanaguna, mimi nimepiga magoti sakafuni nahamisha vitu haraka haraka kwenda begi kubwa, na katika ile haraka filamu zikaenda pamoja na viatu.

Wiki mbili baadaye niliinua negativu, yaani filamu iliyokwisha safishwa, dirishani. Mstari mzito ulikuwa unakatiza picha kutoka mwanzo wa roli hadi mwisho, ukipanda na kushuka kama alama ya maji kwenye mchanga. Mawimbi yake yalikuwa yanafupika kadiri unavyokwenda, kwa sababu filamu imekunjwa, na mizunguko ya ndani ni midogo kuliko ya nje. Hapo hakuna wa kumlaumu mwanga wala kamera. Ukiona wimbi la namna hiyo, ujue filamu ilipigwa miale ikiwa imekunjwa ndani ya kopo lake.

Siku hizi filamu zangu zinakaa kwenye mkoba mdogo wa begani ambao hauhusiani na begi la mkononi. Wakisema punguza, napunguza nguo.

Basi kwenye begi la mkononi ni salama?

Inategemea mashine, na hapa ndipo mambo yamebadilika miaka ya karibuni.

Mashine ya zamani, lile sanduku la mstatili lenye mapazia ya mpira, hutoa miale kidogo. Namba ya ISO iliyoandikwa kwenye filamu ndiyo kasi yake, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga. Filamu ya ISO 100, 200 au 400 ikipita humo mara moja mbili hutaona kitu. Kodak Gold 200, Ilford HP5, Portra 400 zimepita humo miaka yote na picha zikatoka. Kwa filamu ya kasi kubwa, ISO 800 na kuendelea, usikubali kirahisi. Chembe zake ni kubwa, ndiyo maana zinanasa mwanga hafifu wa usiku, na ndiyo maana zinanasa miale pia. Ilford Delta 3200 na Kodak T-Max P3200 zisipite popote. TSA, wakala wa usalama wa usafiri Marekani, yenyewe inashauri ukaguzi wa mkono kwa ISO 800 na kuendelea, na kwa filamu ya kasi yoyote iliyokwisha kupita eksirei zaidi ya mara 5.

Mashine mpya ni CT, ndugu wa ile ya hospitali. Badala ya kutupa miale mara moja kutoka upande mmoja, inakizungusha chanzo cha miale kulizunguka begi na kuchukua vipande vingi ambavyo kompyuta inaviunganisha kuwa umbo zima. Kwa usalama wa abiria ni hatua kubwa. Kwa filamu ni msiba: pito moja tu linaweza kuacha ukungu unaoonekana hata kwenye ISO 400. Kodak imewaambia wateja wake wazi kwamba filamu isiyosafishwa isipitishwe kwenye CT. Mimi nafuata hilo hata kwa ISO 100.

Nitaijuaje CT nikiwa kwenye foleni?

Itazame. CT ni nene, ina tumbo la mviringo, na mara nyingi ni nyeupe na pana kuliko zile ulizozoea. Sikiliza pia wanachowaambia abiria. Wakisema kompyuta na vimiminika vibaki ndani ya begi, karibu hakika hiyo ni CT. Ukiweza kuona skrini ya mkaguzi, kwenye CT anaizungusha picha ya begi kwa kidole aione kila upande. Kwenye ile ya zamani picha imelala bapa, ina rangi ya chungwa, kijani na bluu.

Schiphol, Amsterdam, wameziweka kwenye njia zote za ukaguzi wa begi la mkononi. Uingereza, serikali iliviwekea viwanja vikubwa lengo la kuzifunga kufikia Juni 2024, ingawa baadhi vilichelewa. Marekani zimetapakaa na zinaendelea kuongezwa. Kama huna hakika, ichukulie kuwa ni CT.

Kwetu filamu hupitishwa mashine mara ngapi?

Mara nyingi kuliko unavyodhani, na ushauri mwingi ulioandikwa kwa Kiingereza hauligusi hili. Viwanja vingi vya Ulaya na Marekani ukaguzi ni mmoja, baada ya kaunta. Kwetu, Dar es Salaam Jengo la 3, Jomo Kenyatta Nairobi, Entebbe, begi linapita mashine mlangoni kabla hata hujafika kaunta, halafu linapita tena ukielekea geti. Hizo tayari ni mbili na hujapanda ndege.

Hesabu safari ya kwenda Ulaya na kurudi: mbili Dar, moja unapobadilisha ndege njiani, moja huko Ulaya ukianza kurudi, na moja tena ya kubadilisha ndege. Tano. Kama ulikwenda Zanzibar kwa boti kabla ya safari, kumbuka mashine ya bandarini. Kama ulitoka Mombasa kwa treni ya SGR, kumbuka ya stesheni. Hoteli kubwa na ofisi kadhaa nazo zina mashine mlangoni. Filamu inayajumlisha yote.

Mimi huandika kwa kalamu ya wino mzito mstari mmoja juu ya kopo kila linapopita mashine. Mistari mitatu ikifika, hiyo roli sipitishi tena.

Niombeje ukaguzi wa mkono?

Kwa adabu, mapema, na mkono wako ukiwa na kila kitu tayari. Mkaguzi ana foleni ya watu mia. Ukimrahisishia, mara nyingi anakubali.

Nyumbani, toa roli kwenye maboksi ya karatasi na kwenye vile vikopo vyeusi visivyoonyesha ndani. Zipange kwenye chombo kinachoonyesha ndani. Wazungu hutumia mifuko ya plastiki ya zipu. Kwetu angalia: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda ilitangulia tangu 2008. Sheria hazifanani katika kila aina ya mfuko, lakini kwa nini uanze mabishano? Chukua kibweta cha plastiki cha kuwekea chakula, chenye mfuniko, cheupe kinachoonyesha. Kinazilinda roli zisigongane na hakuna atakayekiuliza. Filamu za kasi kubwa zaidi ziweke juu, maandishi yakitazama juu.

Ukifika, usubiri hadi macho yenu yakutane, kabla chochote hakijawekwa kwenye mkanda. Salimia. Mtu mzima mpe shikamoo yake. Kisha sema jambo moja kwa ufupi: "Habari za kazi, dada. Hizi ni filamu za kamera, bado hazijasafishwa, na eksirei inaziunguza. Naomba unisaidie uzikague kwa mkono." Neno "kuunguza" linaeleweka haraka. Wazee wetu wote waliowahi kupeleka filamu studio wanajua maana ya kuambiwa "imeungua".

Atazitazama moja moja, pengine atapitisha kitambaa kidogo juu yake na kukiweka kwenye kimashine cha kunusa baruti. Hicho hakina madhara. Marekani ombi hili ni la kawaida na TSA imeliandika kwenye maelekezo yake. Kwingine ni hisani ya aliye zamu. Muscat nimewahi kuanza kujieleza kwa Kiingereza cha kubabaisha, yule bwana akanijibu kwa Kiswahili safi cha Unguja, akaniuliza kama bado zinauzwa.

Ukienda nchi ambayo huna lugha yake, andika sentensi hiyo kwenye kadi kwa lugha ya pale na uilaze juu ya chombo. Na nenda mapema. Nusu saa ya ziada inatosha, lakini uwe nayo kweli.

Wakikataa?

Omba kwa upole kuongea na msimamizi, mara moja tu. Akikataa naye, usilumbane. Uliza kama kuna njia nyingine yenye mashine ya zamani, maana viwanja vingi vina zote mbili kwa wakati mmoja, na nimekubaliwa hivyo zaidi ya mara moja.

Kuna kuchagua vita pia. Ule ukaguzi wa mlangoni kwetu, wa kila mtu na kila mzigo, ni mgumu kuukwepa, na ukikuta sanduku la zamani, ISO 200 yako ipitishe tu uende zako. Weka nguvu ya kuomba kwa ajili ya CT na kwa ajili ya filamu za kasi. Ila kama unajua unarudi kupitia uwanja wenye CT na husikilizwi, safisha filamu huko huko kabla ya kuondoka. Ndiyo kinga kamili pekee, na siku hizi ndivyo ninavyopanga safari zangu: siku mbili za mwisho ni za maabara.

Ule mfuko wa madini ya risasi unasaidia?

Hausaidii siku hizi. Mkaguzi akiona doa jeusi lisilopenyeka ndani ya begi, ataongeza nguvu ya mashine, au atalirudisha begi lipite tena, au atalifungua. Katika hali mbili za mwanzo umejiongezea miale. Na kama unao, tafadhali unapoulizwa ni nini usijibu "mfuko wa risasi". Neno hilo lina maana mbili katika lugha yetu, na pale uwanjani wataisikia moja tu. Sema ni mfuko wa kukinga filamu.

Kamera ina filamu ndani na roli haijaisha. Nifanyeje?

Imalize kabla ya safari. Miale inapenya mwili wa kamera bila shida, na mkaguzi wa mkono hawezi kuifungua nyuma bila kuiunguza filamu, kwa hiyo anaweza kukataa kuipokea. Piga fremu zilizobaki ukiwa nyumbani: watoto, jirani, dereva atakayekupeleka. Usizipige ndani ya uwanja, na hasa si eneo la ukaguzi. Kamera ikiwa tupu, ipitishe mashine bila wasiwasi, haina kinachodhurika.

Nina filamu za roli pana na za karatasi kubwa.

Roli ya 120 imezungushiwa karatasi tu, haina kopo la chuma. Mwambie mkaguzi asivute ule utepe wa gundi. Boksi la filamu za karatasi, yaani zile zilizokatwa vipande bapa vya inchi 4 kwa 5, ndilo linalonipa hofu kuliko yote, kwa sababu mtu akilifungua kwa sekunde moja tu zote zimekwenda. Beba mfuko mweusi wa kubadilishia filamu. Mkaguzi anaweza kuingiza mikono humo na kupapasa boksi likiwa wazi gizani. Wengi hawajawahi kuuona. Mwonyeshe kwanza ukiwa mtupu, aone mikono inavyoingia, ndipo umpe boksi.

Instax, Polaroid na kamera za kutupa?

Watu huzisahau kwa sababu hazifanani na filamu. Pakiti ya Instax, ya zile kamera zinazotoa picha papo hapo, ni ISO 800. Polaroid za 600 na i-Type ni ISO 640. Kodak FunSaver, ile kamera ya kutupa, imebeba filamu ya ISO 800. Zote ziombee ukaguzi wa mkono. Picha ya Instax ambayo imeshatoka na kukauka haina shida tena.

Negativu zilizokwisha safishwa, picha za karatasi, kadi za kumbukumbu?

Zipitishe. Dawa ikishaimaliza kazi yake hakuna kinachosubiri mwanga tena. Albamu ya harusi ya wazazi haitadhurika.

Na lile lango ninalopita mwenyewe?

Lango la kutafuta chuma linatumia sumaku, na chumba cha kuinua mikono kinatumia mawimbi ambayo hayaigusi filamu. Roli ikiwa mfukoni haitaungua, ila kopo la chuma litalia, utaambiwa utoe, na pengine litaishia kwenye trei. Kuificha mfukoni si njia.

Si afadhali nizitume kwa posta?

Vifurushi vya ndege navyo hupitishwa mashine, na kibandiko cha kuomba visipitishwe hakimlazimishi mtu. Ukimpa ndugu anayesafiri, mkalishe chini umweleze yote haya, la sivyo zitaingia kwenye begi kubwa pamoja na dagaa. Afadhali kununua filamu mpya kule uendako na kuzisafisha kulekule, kama kuna duka na maabara.

Zimeshapita CT. Nizitupe?

Usitupe. Kama ni za rangi na bado hujazipiga, zipe mwanga zaidi: ISO 400 ipige kama 200, yaani kamera iweke kwenye 200, vivuli vipate nguvu ya kushinda ukungu. Usizisukume, yaani usipige ISO 400 kama 1600 halafu ukasafisha kwa muda mrefu, kwa sababu dawa itaukuza ukungu pamoja na picha. Kama umeshazipiga, zisafishe mapema na umwambie fundi zimepita wapi, ajue namna ya kuziskani. Roli nyeusi na nyeupe huvumilia zaidi kwenye kuprinti.

Zile roli nne za Pangani nilizichapisha karibu zote. Kwenye karatasi ule mstari unatokea kama moshi mweupe. Katika fremu moja unapita juu ya ukuta wa jiko, unashuka hadi kwenye bega la leso, halafu unapanda tena kabla ya kufika usoni. Bibi amefariki mwaka uliofuata. Picha hiyo iko ukutani kwa shangazi, na wageni wakiuliza ule moshi ni wa nini, anawaambia alikuwa anapika.